Damu kuvuja kwenye ubongo uzeeni: Mgonjwa wa CAA anatarajia nini miaka inayokuja?

Mzee ameamka asubuhi mdomo umepinda na mkono mmoja hauinuki. Mnamkimbiza hospitali ya mkoa, anapigwa picha ya kichwa, na daktari anawaambia kuwa damu imevuja ndani ya ubongo. Baada ya wiki kadhaa anaruhusiwa kurudi nyumbani. Kwenye karatasi zake kuna herufi tatu ambazo hakuna aliyepata muda wa kuzieleza: CAA.

Hapo ndipo maswali yanapoanza. Je, atapona? Itamtokea tena? Akili yake itabaki sawa? Na sisi tunaomuuguza tufanye nini, tuache nini?

Katika makala hii tunaeleza CAA ni ugonjwa gani, mgonjwa anatarajia nini mwezi hadi mwezi na mwaka hadi mwaka, na ni mambo gani ambayo familia inaweza kuyabadilisha hata kama hospitali kubwa iko mbali.

CAA ni nini?

CAA ni kifupi cha jina la kitabibu ambalo kwa Kiswahili tunaweza kuliita anjiopathi ya amiloidi ya ubongo. Amiloidi ni protini. Ubongo wa kila mtu huitengeneza kila siku na kuiondoa. Umri ukisogea, uondoaji huo hupungua, na protini huanza kujishikiza kwenye kuta za mishipa midogo ya damu, hasa ile iliyo kwenye tabaka la juu la ubongo na kwenye utando unaoufunika.

Fikiria mpira wa kumwagilia bustani ulioachwa juani kwa miaka mingi. Kwa nje unaonekana mzima, lakini umekauka na haunepi tena. Maji yakija kwa nguvu, unapasuka. Mishipa yenye amiloidi huwa hivyo. Wakati mwingine hupitisha tone dogo tu la damu ambalo mgonjwa hata halihisi. Wakati mwingine hupasuka, damu ikamwagika ndani ya ubongo, na hicho ndicho kiharusi cha kuvuja damu.

Wengi wetu tumezoea kusikia kwamba kiharusi cha namna hii huletwa na presha, na ni kweli kwamba shinikizo kubwa la damu ndilo chanzo kikuu. Tofauti iko mahali damu inapovujia. Presha kwa kawaida hupasua mishipa iliyo ndani kabisa, katikati ya ubongo. CAA hupasua mishipa iliyo karibu na uso wa ubongo. Mtu mmoja anaweza kuwa na matatizo yote mawili, na hapo hatari huongezeka.

Ugonjwa huu hauambukizi. Haupatikani kwa kula chombo kimoja na mgonjwa wala kwa kumuogesha. Na hausababishwi na mtu. Mzee aliyepooza ghafla au aliyeanza kuchanganya majina ya wajukuu hajalogwa, wala yeye si mchawi. Tunalisema hili wazi kwa sababu wapo wazee wetu walioumizwa kwa tuhuma za aina hiyo, wakati shida ilikuwa mishipa ya kichwani.

Huwapata akina nani, na hujulikanaje?

CAA ni ugonjwa wa umri mkubwa. Ni nadra chini ya miaka 55, na huongezeka kadiri mtu anavyozeeka. Huenda pamoja na ugonjwa wa Alzheimer: watu wengi waliofariki wakiwa na Alzheimer, ubongo wao ulipochunguzwa, ulikutwa pia na amiloidi kwenye mishipa.

Picha ya CT scan huonyesha damu iliyomwagika na mahali ilipo. Lakini alama ndogo za damu ya zamani, zile zinazomfanya daktari aseme "hii inaelekea kuwa CAA", huonekana kwa kipimo cha MRI. Madaktari duniani hutumia mwongozo unaojulikana kwa jina la mji wa Boston, Marekani, ambao toleo lake la pili lilitoka mwaka 2022. Mwongozo huo huangalia umri wa miaka 50 na kuendelea, mahali damu ilipovujia, na alama za damu ya zamani.

Uhakika kamili hupatikana tu kwa kuchunguza kipande cha ubongo chenyewe, jambo ambalo ni nadra kufanywa kwa mtu aliye hai. Kwa hiyo msishangae mkiona neno "huenda" au "inaelekea" kwenye karatasi. Halimaanishi kwamba daktari amekosea.

Kwa wagonjwa wengi wa vijijini MRI iko mbali na ina gharama. Hata pasipo kipimo hicho, mengi ya kufanya nyumbani ni yale yale. Tutayaeleza hapa chini.

Wiki za kwanza ndizo ngumu zaidi

Kuvuja damu ndani ya ubongo, kwa chanzo chochote, ni jambo zito. Tafiti zilizokusanywa kutoka nchi mbalimbali zinaonyesha kwamba takriban watu 4 kati ya 10 hufariki ndani ya mwezi wa kwanza. Kinachoamua zaidi ni ukubwa wa damu iliyomwagika, umri wa mgonjwa, na kama alifika hospitali akiwa na fahamu. Aliyefika akizungumza, hata kwa shida, ana matumaini makubwa kuliko aliyefika amezimia.

Aliyevuka mwezi huo huanza safari ya kupata nafuu. Mabadiliko makubwa kwa kawaida huonekana katika miezi mitatu hadi sita ya mwanzo, ingawa wapo wanaoendelea kupata nafuu kidogo kidogo baada ya hapo. Mguu mara nyingi hurudi mapema kuliko mkono. Usemi huchukua muda. Mazoezi ya viungo ya kila siku, hata yale ya kumsimamisha mara tatu akiwa ameshikilia kitanda, yana faida kuliko kumwacha alale kutwa.

Katika kipindi hiki si wote wanaokufa kwa sababu ya ile damu yenyewe. Wengine hufa kwa vidonda vya mgongoni, kwa homa ya mapafu baada ya kupaliwa na chakula, au kwa damu kuganda mguuni. Ndiyo maana uuguzaji wa nyumbani ni tiba kamili. Mgeuzeni kila baada ya saa mbili kama hawezi kujigeuza. Mlisheni akiwa ameketi wima, kijiko kidogo kidogo, na msubiri ameze kabla ya kumpa kingine.

Je, itamtokea tena?

Hili ndilo swali linalowanyima familia usingizi, na lina jibu la namba.

Tafiti zilizowafuatilia wagonjwa waliokwisha kuvuja damu kwa sababu ya CAA zinaonyesha kwamba takriban 7 kati ya 100 huvuja tena kila mwaka. Kwa waliovuja damu bila CAA, namba hiyo ni takriban 1 kati ya 100 kwa mwaka. Tofauti hiyo ni kubwa, na ndiyo sababu daktari hujali kujua chanzo.

Namba hiyo isomwe pande zote mbili. Katika mwaka mmoja, 93 kati ya hao 100 hawavuji tena. Lakini miaka hujumlishana. Kiwango hicho kikiendelea kwa miaka mitano, karibu theluthi moja ya wagonjwa watakuwa wamepata tukio la pili.

Tena, wagonjwa hawalingani. Hatari ni kubwa kwa mwenye alama nyingi za damu ya zamani kwenye MRI, na kubwa zaidi kwa yule ambaye damu imetapakaa juu ya uso wa ubongo. Ni ndogo kwa yule aliyegunduliwa na CAA bila kuwahi kupata kiharusi cha kuvuja damu. Wapo wazee wanaoishi na ugonjwa huu miaka mingi bila kiharusi chochote.

Kumbukumbu na akili

CAA huathiri akili kwa njia mbili. Kwanza, kila damu inayovuja huharibu sehemu ya ubongo. Pili, mishipa iliyojaa amiloidi haipitishi damu vizuri, hivyo ubongo hukosa chakula chake polepole hata pasipo kiharusi.

Dalili za mwanzo mara nyingi si kusahau majina. Ni kuwa mzito: anachelewa kujibu, anashindwa kupanga mambo, anaanza kuhesabu fedha za mazao kisha anapotea katikati. Wengine hupoteza hamu ya kila kitu, na watu wa nyumbani hudhani ni uvivu au kiburi.

Utafiti mmoja wa Ufaransa uliowafuatilia watu waliopona kiharusi cha kuvuja damu, ambao mwanzoni hawakuwa na tatizo la akili, ulikuta kwamba zaidi ya robo yao walikuwa wamepata demensia, yaani kupungukiwa akili kwa kudumu, ndani ya miaka minne. Waliovuja damu karibu na uso wa ubongo, mahali ambapo CAA hupiga, walikuwa katika hatari kubwa kuliko wengine.

Kwa familia hii ina maana moja ya haraka. Mambo yanayohitaji uamuzi wa mzee mwenyewe, kama shamba, nyumba, akiba, na nani amsimamie, yazungumzwe mapema akiwa na akili timamu na mbele ya mashahidi anaowaamini. Kufanya hivyo si kumtabiria kifo. Ni kumpa heshima ya kusema mwenyewe, na kuwaepusha watoto na ugomvi baadaye.

Presha: hapa ndipo mna nguvu

Mpaka sasa hakuna dawa ya kuondoa amiloidi kwenye mishipa ya mgonjwa wa CAA. Dawa moja iliyojaribiwa, ponezumabu, haikuleta matokeo yaliyotarajiwa, na utafiti unaendelea. Lakini kuna jambo moja lililokwisha kuonyesha faida kubwa: kushusha shinikizo la damu.

Katika utafiti mkubwa wa kimataifa ulioitwa PROGRESS, uliochapishwa mwaka 2001, watu waliowahi kupata kiharusi walipewa dawa za kushusha presha. Takwimu zake zilipochambuliwa upya, ilionekana kwamba viharusi vya kuvuja damu vinavyoelekea kutokana na CAA vilipungua kwa takriban robo tatu. Ukirudi kwenye mfano wetu wa mpira uliokauka: mpira hatuwezi kuubadilisha, lakini bomba tunaweza kulipunguza.

Madaktari wengi hulenga presha ya mgonjwa kama huyu iwe chini ya 130/80. Dawa zenyewe ni vidonge vya kila siku, havihitaji hospitali kubwa, na kupima presha kunawezekana hata kwenye zahanati.

Tatizo ni kwamba wengi hatupimi, au tukipata nafuu tunaacha dawa. Uchunguzi uliofanywa vijijini wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, kwa watu wenye miaka 70 na zaidi, ulikuta kwamba takriban 7 kati ya 10 walikuwa na shinikizo kubwa la damu, na kwa wengi wao lilikuwa halijadhibitiwa.

Dawa ya presha haimezwi kwa sababu kichwa kinauma. Humezwa ili kichwa kisipasuke mshipa. Mgonjwa akijisikia vizuri, haimaanishi kwamba dawa imemaliza kazi. Punguzeni pia chumvi kwenye chungu cha nyumba nzima, ili mzee asile chakula chake peke yake kama aliyeadhibiwa.

Dawa za kuwa nazo makini

Aspirini hupunguza uwezo wa damu kuganda. Kwa mtu aliyepata kiharusi cha mshipa kuziba inaweza kumsaidia. Kwa mwenye CAA inaweza kuongeza hatari ya kuvuja. Dawa kali zaidi za kuzuia damu kuganda, kama wafarini, zina hatari kubwa zaidi.

Hata hivyo wapo wagonjwa wenye CAA ambao pia wana ugonjwa wa moyo. Hapo uamuzi ni wa kupima hatari mbili. Utafiti wa Uingereza ulioitwa RESTART, wa mwaka 2019, ulionyesha kwamba kurudia dawa za jamii ya aspirini baada ya kuvuja damu hakukuongeza matukio mapya kama ilivyohofiwa. Kwa hiyo msianze dawa hizi kwa ushauri wa jirani, na kama daktari alimwandikia kwa ajili ya moyo, msiziache kimya kimya. Rudini kwake, mwambieni kuhusu damu iliyovuja, na aamue akijua yote.

Kwa maumivu ya kawaida ya viungo, parasetamoli ni salama zaidi kuliko diklofenaki na ibuprofeni, ambazo wengi wetu hununua dukani bila kuulizwa. Zinaweza kupandisha presha na kuchangia kuvuja damu. Kama mzee anatumia dawa za asili, zitajwe pia kwa daktari bila kuficha.

Pombe nyingi huongeza hatari ya kuvuja damu kwenye ubongo. Kuanguka ni hatari nyingine: wekeni taa ya usiku njiani kwenda chooni, ondoeni mikeka inayoteleza, na kupanda miti au kukaa nyuma ya bodaboda kuishe.

Dalili inayodanganya

Baadhi ya wagonjwa wa CAA hupata ganzi au mchomo unaotambaa: huanza vidoleni, hupanda mkono, hufika mdomoni, kisha huisha baada ya dakika chache. Huweza kurudi siku nyingine kwa namna ile ile.

Kwa haraka inaonekana kama dalili ya mshipa kutaka kuziba, na mgonjwa hupewa aspirini. Kwa mwenye CAA inaweza kuwa ni damu kidogo iliyovuja juu ya uso wa ubongo, na ni onyo kwamba kuvuja kukubwa kunaweza kufuata. Mweleze daktari kwamba ganzi ilitambaa, ilichukua dakika ngapi, na imetokea mara ngapi.

Aina chache zisizo za kawaida

Wagonjwa wachache wenye CAA hupata uvimbe wa ubongo unaoletwa na kinga ya mwili kushambulia amiloidi. Dalili zake ni kuchanganyikiwa kunakozidi kwa siku au wiki, maumivu ya kichwa na kifafa kilichoanza ukubwani. Ni muhimu kuitambua kwa sababu wengi hupata nafuu kwa dawa za jamii ya steroidi. Mzee aliyebadilika ndani ya wiki chache tu asichukuliwe kuwa "ni uzee".

Ipo pia aina ya kurithi, lakini ni nadra sana. Inayojulikana zaidi iko Uholanzi, katika familia za vijiji vya wavuvi kama Katwijk kwenye pwani ya Bahari ya Kaskazini. Kasoro ya jeni inayoisababisha iligunduliwa mwaka 1990. Mtoto wa mgonjwa ana uwezekano wa nusu kwa nusu kuirithi, na wenye nayo huanza kuvuja damu wakiwa na miaka 50 hivi. Katika nchi ya Aisilandi kuna aina nyingine inayotokana na protini tofauti, ambayo huwapiga watu wakiwa bado vijana.

Tunayataja haya ili kuwatoa hofu watoto wa wagonjwa. Baba aliyepata CAA akiwa na miaka 75 kwa kawaida hana aina hiyo ya kurithi. Watoto wake wapime presha, kama watu wengine wote.

Akipatwa tena, fanyeni hivi

Uso ukipinda, mkono ukilegea, usemi ukipotea, au kichwa kikiuma ghafla kuliko kawaida pamoja na kutapika, msisubiri kupambazuke. Mlazeni ubavu, msimpe chakula wala maji, na mtafute usafiri kwenda hospitali yenye CT scan, au kituo cha karibu kitakachompa rufaa.

Msimpe aspirini, kwa sababu bila picha hakuna anayejua kama mshipa umeziba au umepasuka. Na msimtoboe vidole kwa sindano ili damu itoke, kama ujumbe unaozunguka kwenye simu unavyodai. Haisaidii chochote, na inapoteza muda.

Chukueni karatasi zake zote. Herufi zile tatu, CAA, zinaweza kubadilisha dawa atakayopewa usiku huo.

Mkienda kliniki, ulizeni haya

Damu ilivujia wapi, ndani au karibu na uso wa ubongo? Presha yake inatakiwa iwe ngapi? Kuna dawa yoyote kati ya hizi anayopaswa kuacha? Anahitaji dawa ya kifafa? Tumrudishe lini? Andikeni majibu kwenye daftari moja la mgonjwa, pamoja na vipimo vya presha na tarehe zake. Mwenye miaka 60 na kuendelea aulizie dirisha la wazee, na kama hana uwezo wa kulipa, familia ifuatilie kitambulisho cha msamaha wa matibabu kupitia serikali ya kijiji.

Mustakabali wa mgonjwa wa CAA hausomeki kwenye picha moja ya kichwa. Wapo watakaovuja tena mapema, na hilo hatuwezi kulificha. Wapo pia watakaokaa miaka barazani na wajukuu, polepole kidogo kuliko zamani, wakimeza kidonge cha presha kila asubuhi. Kama familia itafanya jambo moja tu kati ya yote tuliyoyaeleza, basi mpelekeni mzee akapimwe presha wiki hii, na muhakikishe dawa yake haikatiki.